Mkiniuliza Tena Kama Kuna Baridi Nawablok

Jamani watu wa Tanga, na nyie wa Dar mnaojiona mko Ulaya kisa mna AC, leo nasema mara moja tuachane na hii habari. Ndiyo, huku Kanada kuna baridi. Februari inafika hasi 40, na ikifika hapo selsiasi na farenhaiti zinasoma namba ileile, hata wenye nchi wanakosa cha kubishania. Haya, mmejua. Kila nikifungua WhatsApp ni "mwalimu baridi vipi, mwalimu baridi vipi", hakuna hata mmoja anayeniuliza habari ya maji.

Maji! Mimi mgao naujua, nimekulia kwenye mgao, nimesomeshwa na ndoo. Nilivyopata kazi ya ualimu huku Kanada, mimi na mama Zuhura wote wawili, nikajua ndoo na mimi ndo basi tena. Kumbe huku Nunavut, kaskazini kabisa ya Kanada, ardhi imeganda chini mwaka mzima, nyumba zenyewe zimesimamishwa juu ya nguzo, na kijijini kwetu hakuna cha bomba la kuchimbia, kwa hiyo kila nyumba ina tangi la maji safi na tangi la majitaka, boza moja linakuja kujaza hili na boza lingine linakuja kunyonya lile. Na fundi aliyebuni huu mtambo alikuwa na roho mbaya, maana tangi la majitaka likijaa tu pampu ya maji safi inajizima yenyewe. Inajizima saa ngapi? Saa umeshajipaka sabuni kichwani, ndo saa yake hiyo. Unabaki umesimama bafuni na povu masikioni unamwita mke wako, mke wako anakwambia subiri boza, boza haliji kwa sababu nje kuna tufani ya theluji na dereva haoni mkono wake mwenyewe. Yaani nimetoka kwenye mgao nikalipiwa nauli kuja kwenye mgao.

Alafu watu wanadhani naishi mjini. Binamu yangu juzi kaniambia nimtumie viatu kwa basi mpaka Toronto kuna jamaa yake anakuja bongo. Basi lipi? Nunavut ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, chukua Tanzania bara na visiwani, ongeza Kenya, ongeza Uganda, bado inawazidi, na ndani ya ukubwa wote huo kuna vijiji 25 na hakuna barabara hata moja inayotoka kijiji kimoja kwenda kingine. Watu wote kwa sensa ya 2021 hawakufika 40,000. Wote hao unawaingiza uwanja wa Mkapa, siti zinabaki, na wenye tiketi feki nao wanakaa. Jirani yangu ana pikapu nzuri kabisa, anaiwasha asubuhi, anaiacha ipate moto, anaendesha mpaka dampo, anageuza, anarudi nyumbani, safari imeisha. Kutoka kwetu kwenda Ottawa na kurudi nauli inaweza kuzidi ya Ottawa mpaka Dar, sasa mtu anayeniambia "si uje tu kwenye arusi" namuangalia tu.

Dukani ndo usiseme. Kila kinachooza kinakuja kwa ndege, na ndege ikishindwa kutua siku mbili tatu basi rafu za matunda zinabaki na bei tu zimebandikwa. Serikali inatoa ruzuku, sawa, tunashukuru, lakini kuna siku nimeshika kabichi nikairudisha taratibu isije ikapata mkwaruzo nikadaiwa. Tikiti maji nilipiga nalo picha.

Ndo maana kila mwenye akili anasubiri meli. Meli inakuja kiangazi, barafu ikishapasuka, kati ya Julai na Oktoba, basi. Unaagiza chakula cha mwaka mzima huko kusini, wanakipakia kwenye makreti ya mbao, wewe unangoja. Na hapo ndipo ndoa yangu inapojaribiwa, kwa sababu mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Jioni moja kakaa mezani na daftari, kavaa miwani, unga kaandika, mchele kaandika, tui la kopo katoni nne, akafika kwenye karatasi za chooni akaniuliza kwa sauti ya darasani kabisa, "Wewe kwa siku unatumia vipande vingapi?"

Nikamwambia mama Zuhura, unanijua, mimi mtu wa kopo.

"Kopo la maji haya haya ya boza?"

Nikanyamaza. Akaandika.

Sasa shule. Kazi yenyewe siilaumu, watoto ni wazuri, wanacheka, wanatania, wanaweza kukuchora ukiwa umegeukia ubao na ukafanana. Shida ni ukimya. Unafundisha sehemu zote za kumi na sehemu za mia, umetoka jasho, hasi 40 nje wewe ndani unatoka jasho, unauliza "tumeelewa?" Kimya. Unauliza tena. Kimya. Hakuna aliyenitonya kwamba hawa Wainuit, wenyeji wa huku, ndiyo yao wanaiinua kwa nyusi, na hapana yao wanaikunja kwa pua, kwa hiyo darasa zima lilishanijibu kitambo na wananishangaa huyu mzee mbona anarudia rudia. Na huu ugonjwa unaambukiza. Bi mkubwa kanipigia Ijumaa, "mwanangu umekula?" mi nainua nyusi. "Mwanangu?" Nainua zaidi. Simu ya kawaida hiyo, si video. Bi mkubwa akaanza kusoma Yasini.

Zuhura ndo balaa. Mtoto wa Kidigo huyo, juzi mama yake kamwambia kaoshe vyombo, akakunja pua. Pua! Mbele ya mama yake! Mke wangu akatafuta kandambili, akakumbuka tulikuja na mabuti matupu, akatupa buti likapiga friza.

Halafu kuna mambo ya majina. Kikao cha wazazi alikuja bibi mmoja kavaa parka nzuri amejishonea mwenyewe, akakaa, akaniambia kwa utaratibu, "baba yangu siku hizi haamki asubuhi, usiku mzima yuko macho." Nikampa pole, nikamuuliza mzee ana miaka mingapi, kama ameshapelekwa zahanati. Akasema ana miaka 12, yuko kwenye darasa lako. Huku mtoto akirithi jina la marehemu anakuwa ndiye huyo huyo kwa undugu, bibi anamwita mjukuu wake baba na hatanii. Kwetu hili halishangazi sana, mama yangu mdogo mpaka leo mwanawe aliyempa jina la babu hamgombezi, anamuomba. Ila sasa mimi darasani nina watoto kadhaa, na baba wa watu wangapi, na bibi za watu wangapi, utamwambiaje bibi wa mtu kwamba amepata mbili kwenye ishirini?

Na vitabu navyo. Swali la hesabu linasema treni mbili zinatoka stesheni mbili zikielekeana. Kijana mmoja akanyoosha mkono, kitu ambacho ni nadra nikafurahi, akauliza kwa nini wasipande ndege. Swali linalofuata mkulima ana miti ya matufaa arobaini. Mti! Huku hakuna mti mpaka ushuke kusini huko, dirishani kwangu kirefu kuliko vyote ni nguzo ya umeme. Nikabadilisha nikaweka sili wa kuwinda na petroli ya skidu, ile pikipiki ya theluji, wote wakapata, tena wakanisahihisha bei ya petroli.

Kinachoniuma kweli ni swali moja. Hukai hata siku mbili darasani mtoto anakuja mezani anakuangalia anakuuliza, "unaondoka lini?" Hakuambii kwa ubaya. Ameshazoea, walimu wageni wanaingia Agosti, wengine Krismasi wameshapotea, wengine mwaka mmoja tu kwaheri. Watoto wadogo wanaanza kusoma kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, na walimu wao wenyewe, wakipanda madarasa ya juu wanatukuta sisi wageni na Kingereza chetu. Sheria ya elimu ya 2008 iliahidi ifikapo 2019 wasome kwa lugha mbili mpaka darasa la mwisho, 2019 ikafika walimu Wainuit hawatoshi, 2020 wakaisogeza mpaka 2039. Sisi tuliosoma Kiswahili mpaka la saba halafu form one tukakutana na baiolojia kwa Kingereza tukakaa kimya muhula mzima, hapa hatuhitaji kuelezwa. Na babu na bibi zao walichukuliwa wakapelekwa shule za bweni wakakatazwa lugha yao, kwa hiyo mgeni akija na chaki wana haki ya kumuangalia kwanza. Mi hilo silalamikii. Nalalamikia maji.

Na dini. Kaskazini huku ya kisiwa cha Baffin jua linaaga Novemba linarudi karibu na mwisho wa Januari, na kiangazi halizami kabisa, watoto wanacheza mpira saa nane za usiku chini ya dirisha langu. Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, wana msikiti tangu 2016, ila Iqaluit kwetu ni kwa ndege. Kijijini Waislamu tunahesabika, kuna Msudani mmoja wa zahanati, yeye kwenye swala na saumu anafuata saa za Makka, mimi nafuata saa za Ottawa. Sasa tukialikana kufuturu mmoja anakula na mwenzake anamtazama.

Siku moja jirani kaniletea nyama ya sili, bure, kipande kikubwa, maana huku mtu akiwinda anagawa, hilo nawavulia kofia mpaka kesho. Kwao walikuwa wametandika maboksi sakafuni wanakula mbichi, kila mtu na kisu chake, mama Zuhura alishakaa chini zamani kachukua ngozi ya nyangumi anaitafuna na ndimu ya chupa na pilipili. Mimi nikampigia shehe nyumbani. Shehe, sili halali? "Sili ndo nini?" Mnyama wa baharini. "Anaishi majini?" Anaishi majini ila anapanda juu ya barafu kupumzika. "Ana magamba?" Ana masharubu. Shehe akakaa kimya nikadhani na yeye anainua nyusi. Akasema mwalimu, hebu kwanza niambie, huko kuna baridi?

Nikakata. Nikakaanga samaki wa char niliyegandisha, huyo hana utata, nyama yake ya rangi ya waridi, ukimtia tui la kopo unasahau kidogo.

Wiki hii yule kijana wa treni kaja tena mezani, kaniuliza kama mwakani nipo. Nikainua nyusi. Akaniangalia, akacheka mpaka akashika meza, akasema ninavyofanya nafanana na mtu aliyekutana na dubu chooni, akanifundisha upya, kidogo tu, ziende juu zirudi. Jioni nikamkuta mama Zuhura ameshafungua daftari la meli ya mwaka huu. Karatasi za chooni alikuwa ameandika sitini, kafuta, kaandika themanini. Nimemuuliza tunatarajia wageni? Kakunja pua.