Baraiti ikitua kisimani, msikimbilie kuongeza mnato

Visima vingi vya mafuta na gesi siku hizi havishuki wima, hata kwenye mradi wa mafuta wa Kingfisher kule Uganda wanachoronga kutoka ufukweni kisima kikiinama mpaka chini ya Ziwa Albert. Na kisima kikishainama, tope la kuchorongea linabadilika tabia.

Tope linatiwa unga wa baraiti, madini mazito, liwe zito, likandamize gesi isipande. Baraiti ni nzito mara 4.2 ya maji kwa hiyo inazama. Pampu zinazolizungusha tope kisimani zikipumzika afu ziwashwe, tope linalorudi juu kwanza ni jepesi, linalofuata zito kupita kiasi. Wengi hapo wanasema lilikuwa laini mno, ongezeni mnato. Wana hoja, tope likishika kama uji linabeba chembe pampu zikizimwa.

Ila chukua chupa mbili za maji ya udongo, moja isimamishe, nyingine iinamishe. Iliyoinama inatakata kwanza! Daktari Boycott aliliandika 1920 baada ya kuliona kwenye damu. Chembe hazisubiri kushuka kina chote, zinagusa ukuta wa chini, zinateleza, na majimaji mepesi yanapanda kwa ukuta wa juu. Kisimani mwinamo wa nyuzi 30 mpaka 60 kutoka wima ndo pabaya. Tena baraiti mara nyingi inatua zaidi tope likitembea polepole kuliko likiwa limetulia, manake likitulia linaganda, ukilisukuma kidogo ule mgando unavunjika na chembe zinaachiwa.

Kinachoniumiza kichwa ni presha. Tope la 1.50, yaani zito mara 1.50 ya maji, kwenye kina cha wima cha mita 3,000 linakandamiza bar 441 hivi, sasa safu hiyo ikishuka wastani mpaka 1.45 umepoteza karibu bar 15, na baraiti haijaenda popote, iko humohumo imelala ukutani, uzito wake unabebwa na mwamba badala ya tope, na anayepima kwenye tangi bado anasoma 1.50 na kuona mambo sawa wakati gesi inatafuta njia.

Ukizidisha mnato nao, kuliamsha tope kunataka nguvu kubwa ya pampu, mwamba unaweza kupasuka tope likapotelea humo. Mi ningeanza na kuzungusha bomba la kuchorongea ili kuvuruga kile kilicholala, na kutopampu polepole kwa masaa. Na kwenye viskomita, kifaa cha kupimia mnato, msiishie kusoma mizunguko 600 na 300 kwa dakika, angalieni ya 6 na 3, hiyo ndo inakaribia mwendo wa tope pale ukutani baraiti inapotua.