Meya wa Jiji si meya wa Dar nzima
Nimesoma makala kuhusu wapi pa kupeleka kero za Dar es Salaam. Hapo mwandishi wake anaposema mkazi wa Dar es Salaam mwenye kero apeleke malalamiko yake kwa Meya wa Jiji, anawapoteza watu. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupandishwa hadhi, "Jiji" ni Ilala tu: Kariakoo, Upanga, Buguruni, hadi Gongo la Mboto na Chanika huko. Sisi wa Mbagala tuko Manispaa ya Temeke, na Kinondoni, Ubungo na Kigamboni kila moja ina meya, mkurugenzi na baraza lake la madiwani. Tena huanzi kwa meya. Unaanzia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako yupo mwenyekiti tuliyempigia kura na mtendaji aliyeajiriwa. Muhuri wao ndio unaokupa barua ya utambulisho, iwe ni ya benki, ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au kumwekea ndugu dhamana. Jambo likiwashinda linapanda kwa mtendaji wa kata na diwani. Halafu kuna jambo makala haikuligusa kabisa: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo diwani unayemzomea kwa mashimo anaweza kupiga kelele kwenye baraza, lakini greda si lake. Maji nayo ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Wenzangu wa Ubungo na Kigamboni, huko kwenu mikutano ya mtaa inaitishwa kweli, au mwenyekiti mnamwona kwenye misiba tu?