Pete Mbili Kwenye Siki

Shemeji alikuja Jumamosi jioni akitaka nimkopeshe laki tatu, rehani yake pete ya marehemu bibi yao. "Dhahabu tupu hii, shem." Mimi si mtu wa kuambiwa dhahabu nikaitikia amina. Kemia kidato cha nne nilipata C, mwaka ambao darasa karibu zima lilivuna F, na tangu hapo C ile sijapata pa kuitumia.

Nikaanza na sumaku niliyoibandua kwenye spika mbovu. Pete haikushtuka. Shemeji akaanza kushangilia, nikamkatisha: shaba nayo haivutwi na sumaku, kwa hiyo hapo tumejua tu kwamba si chuma. Nikataka kupima densiti. Dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati mchanganyiko wa shaba na zinki, ule unaojifanya dhahabu, haufiki hata 9. Kipimo kizuri sana, ila mizani ya Mangi wa dukani ni ya sukari na unga. Tulipoiweka pete, mshale haukujua kama kuna mgeni.

"Tabia za kifizikia zimegoma," nikasema, "twende kwenye za kikemia." Siki na chumvi, ilale humo mpaka asubuhi. Dhahabu haina habari na siki. Shaba ikikutana na asidi na hewa, inaota kijani. Lakini jaribio lisilo na cha kulinganishia si jaribio, mwalimu wetu alikuwa anachapa kwa hilo. Juu ya friji kulikuwa na pete ya ndoa ya Mama Salma, huwa anaivua akikanda chapati. Glasi mbili, pete mbili, siki nikaimimina ifike nusu ya pete, hewa nayo ipate zamu yake.

Hapa inabidi niseme jambo. Pete ile niliinunua mwaka 2012 kwa elfu kumi na tano, kwa kijana aliyekuwa anatembea nazo kwenye kiberiti. Nikamwambia Mama Salma ni dhahabu. Kidole kilipoanza kuacha alama ya kijani, nikamwambia ni sabuni. Uongo ule nimeurudia mbele ya wakwe mpaka nami nikauamini. Wallahi, usiku ule nilikuwa nimesahau.

Asubuhi pete ya bibi ilikuwa vilevile, imetulia, inang'aa. Glasi ya pili, siki imegeuka rangi ya maji ya bwawa. Juu, pete ilipochungulia hewani, imeota ukoga wa kijani; chini, zinki ilipotoka, imebaki na wekundu wa fizi za mtoto.

Shemeji akaitazama glasi moja, akaitazama ya pili, akanitazama mimi.

"Baba Salma!" ikatoka sauti jikoni. "Pete yangu hujaiona?"

Shemeji akaifunika glasi kwa kiganja, taratibu, kama anamfunika mtoto shuka.

"Shem," akanong'ona, "jana nilisema laki tatu, eeh? Ulimi uliteleza. Ni laki tano. Na pete ya bibi naondoka nayo."