Kocha Akija Kuposa

Hapa Columbus, Ohio, ukitoka Jumamosi ya mechi utadhani mji mzima umealikwa kwenye harusi moja yenye sare nyekundu. Uwanja wa chuo cha Ohio State unaingiza watu zaidi ya 100,000, na wanaocheza ni wanafunzi. Siyo soka letu hili. Ni ile futiboli yao ya kuvaa helmeti na kugongana kama mafahali. Nina miaka tisa hapa na sheria zake bado zinanichenga, lakini makocha wao nawaelewa vizuri. Wananikumbusha washenga.

Kocha wa chuo akimtaka kijana, hamalizani na kijana. Anakwenda kwao. Anakaa sebuleni, anakula alichopikiwa, anamsikiliza mama, bibi naye anapata sifa zake, kisha anaahidi kwamba mtoto atasoma hadi amalize. Posa kabisa. Na siku hizi hata mahari ipo: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao kutumika kwenye biashara, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kuhama nako kumerahisishwa. Kijana akinuna msimu huu, msimu ujao yuko na jezi ya wengine. Kwa hiyo wanaosema makocha wa huku wana upendo sana, nawaambia wapunguze. Kijana akinuna huku ni hasara, ndiyo maana kocha anawahi kumuuliza ana nini.

Ila si yote ni hesabu. Harry Miller alikuwa akichezea Ohio State, mstari wa mbele, wale wanene wanaozuia. Kabla ya msimu wa 2021 alimfuata kocha wake, Ryan Day, akamwambia anataka kujiua. Day hakumwambia ajikaze. Alimkabidhi kwa wataalamu wa afya ya akili hapo hapo. Miller mwenyewe aliyaeleza hayo hadharani Machi 2022, siku alipotangaza kuacha kucheza. Day naye alimpoteza baba yake kwa kujiua, akiwa na miaka 8 tu. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa kwenye basi narudi kutoka shifti ya usiku, nikajiuliza: mimi nilipokuwa na miaka 17, ningeweza kumwambia mwalimu wangu wa michezo neno kama lile? Thubutu!

Na mwalimu wangu hakuwa mtu mbaya. Nilisoma Tanga, mama akipika vitumbua, mimi nikivitembeza alfajiri kabla ya shule. Mwalimu alitaka nifanye mazoezi ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akaja mwenyewe nyumbani. Hapakuwa na kiti, akakalia mbuzi ya nazi, na suruali yake ya kitambaa iliyonyooshwa, meno ya mbuzi yakiwa mbele ya magoti yake. Akala vitumbua vitatu, akalazimisha kulipa. Mama alimtazama akikusanya machicha ya nazi yaliyomgandia mfukoni, akacheka, na mimi nikaruhusiwa. Hakuna aliyemlipa mwalimu hata nauli kwa safari ile.

Mtu huyo huyo, tulipofungwa nne bila kwenye ngazi ya wilaya, alitupanga nyuma ya goli akatuchapa bakora tatu tatu. Kipa alipata nne, moja kwa kila bao.

Wamarekani nao wasitutambie. Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State ambaye barabara inayopita kwenye uwanja huu imepewa jina lake, alimpiga ngumi mchezaji wa chuo cha Clemson mbele ya kamera Desemba 1978. Ubingwa wa taifa alikuwa nao si mmoja, na kesho yake kazi hakuwa nayo. Tofauti ndiyo hiyo. Sisi tulichapwa Ijumaa, na Jumatatu mwalimu alisifiwa mstarini kwa nidhamu ya timu.

Lakini enzi za huyo huyo Hayes, mwaka 1968, ndipo ulipoanza mtindo ninaoupenda kuliko fedha zao zote. Ukicheza vizuri unapewa kibandiko chenye jani la mti wa buckeye, unabandika kwenye helmeti. Msimu unaanza helmeti zikiwa na rangi ya fedha tupu, ikifika Novemba baadhi yake hazina pa kubandika tena. Na hata yule mzuiaji ambaye mpira haugusi mechi nzima anapata lake. Kwetu beki akiokoa kwenye mstari anaambiwa ndiyo kazi yako hiyo, vigelegele vinamsubiri mfungaji.

Mwalimu sasa amestaafu, anafundisha vijana wa mchangani. Nikamtumia ujumbe wa sauti: shikamoo mwalimu, kuna jambo nimeliona huku. Alikaa kimya siku mbili, halafu akajibu: "Marahaba mwanangu. Wazo zuri. Sasa hawa wangu kofia hawana, na viatu wanaazimana. Nibandike wapi?"

Nikampa mtu aliyekuwa anakwenda nyumbani karatasi tano za vibandiko vya nyota, vile vya watoto wa chekechea. Juzi imeingia picha. Kipa, kijana mrefu, miguu peku, anacheka meno yote nje. Nyota mbili kipajini.