Mizinga Mizito ya Hull katika Vita vya Afrika Mashariki: Ilifaa Kiasi Gani?

Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha mizinga mizito kilichoundwa Hull, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza, kilishuka katika pwani yetu kikiwa na mizinga mifupi ya inchi 5.4, iliyovutwa na malori. Watu wake walikuwa wameitikia mwito wa Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, mwaka 1914, na huenda wengi walidhani watapelekwa Ufaransa. Badala yake walijikuta wakilifuata jeshi la Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyewaongoza Waingereza huku, katika safari ya kumwandama Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wanaosimulia historia yao husifu uvumilivu wao, na sifa hiyo wanaistahili. Swali gumu zaidi ni kama silaha waliyokuja nayo ilifaa katika nchi hii, na kama faida yake ilistahili gharama iliyolipwa.

Tuanze na hoja ya wanaoitetea. Askari wa Wajerumani walikuwa hodari wa kuchimba mahandaki kwenye migongo ya vilima na kandokando ya mito, mahali ambapo risasi za bunduki hazikuwafikia. Mizinga midogo ya milimani iliyobebwa na nyumbu haikuwa na nguvu ya kuwang'oa humo. Mzinga mfupi hurusha kombora juu sana, nalo hushuka kwa pembe kali nyuma ya kilima, kwa hiyo haukuwa anasa. Isitoshe, upande wa pili ulikuwa na mizinga mikubwa. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipoangamia katika delta ya Rufiji, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu, ikakokotwa bara na mamia ya watu. Mwaka 1916, huko Kondoa Irangi, mmoja wapo ulilipiga jeshi la van Deventer, jenerali aliyekuwa chini ya Smuts, kutoka umbali ambao mzinga wa inchi 5.4 usingefika hata nusu yake. Jeshi linalopigwa hivyo bila kujibu huvunjika moyo, na hakuna kamanda mwenye busara ambaye angeacha kudai mizinga mizito.

Hata hivyo, kisa cha Königsberg yenyewe kinatuonyesha masharti ya silaha hiyo. Meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zenye mizinga ya inchi 6, ziliishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai zikafaulu. Mizinga ilibebwa na maji hadi mahali pa kupigia, ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliwaonyesha wapigaji makombora yalikoangukia, na adui alikuwa amenaswa asiweze kutoka. Kikosi cha Hull kilikuwa katika hali iliyo kinyume kabisa: barabara hazikuwapo, pori lilificha shabaha, na adui hakuwa na nia ya kushikilia mahali. Lettow-Vorbeck alipigana ili kulichosha jeshi kubwa lisipelekwe Ulaya, kwa hiyo alikuwa tayari kuacha kilima hiki na kwenda kungojea kingine. Mzinga uliofika baada ya siku tatu za kusukumwa matopeni mara nyingi ulikuta mahandaki matupu.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Kombora moja la mzinga ule lilikuwa na uzito wa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, na huo ndio uliokuwa takriban mzigo wa mpagazi mmoja. Pale lori liliposhindwa kwa masika, kombora lilipanda kichwani mwa mtu. Tukimkadiria mpagazi kilo moja ya unga kwa siku, safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi inadai kilo 20 za chakula kwa ajili ya kombora moja tu, na chakula hicho lazima kibebwe na mwingine, ambaye naye anakula. Kwa hiyo kila kombora lililofika mstari wa mbele lilichukua nafasi ya unga au kwinini, dawa ya malaria, ambayo mtu fulani aliikosa.

Watetezi watasema kwamba malori yaliletwa hasa ili kumpunguzia binadamu mzigo, kwa kuwa mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na nyumbu. Ni kweli kwa kiasi, lakini lori lilihitaji barabara, madaraja ya magogo na watu wa kulisukuma, na kazi hiyo yote ilifanywa na watu walewale. Mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, vijana wa Kenya walikusanywa kwa maelfu kwa ajili ya upagazi. Wanahistoria wa siku hizi wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walifikia 95,000 au kuzidi, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi yanatokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, na sanamu ya Nairobi iliyosimamishwa baada ya vita inawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini kaburi la mmoja mmoja hatulioni. Wajerumani nao walikokota mizinga ya Königsberg kwa migongo ya watu wetu, na wengi wa hao hawakulipwa hata senti.

Mimi naona mizinga ya Hull ilifaa katika mapambano machache, pale adui aliposimama, na kwamba kosa halikuwa la wapigaji wake, ambao nao waliteketezwa na homa. Kosa lilikuwa la wakuu waliopima nguvu ya jeshi kwa unene wa mdomo wa mzinga. Ushahidi mkubwa alitupatia Lettow-Vorbeck mwenyewe: mizinga yote kumi ya Königsberg ilikuwa imetekwa au kuharibiwa alipovuka Ruvuma mnamo Novemba 1917, na bado alipigana mwaka mzima mwingine, hadi aliposalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918.