Maji Yanajaa Saa Ngapi?

Mimi ni mtoto wa Dodoma, na maji ninayoyajua ni ya ndoo. Ukubwani nilipanda cheo nikafikia pipa. Mke wangu lakini ni wa Pangani, na kaka yake alipokuja kututembelea hazikuisha siku mbili akawa ameshatuchosha na bahari. Tukila mlenda, yeye anasimulia changu. Tukipata dagaa, anasimulia nguru wa kulingana na meza. Mara kusi, mara kaskazi, mara mshipi wa pima 40. Siku ya tatu nikasema, "Shemeji, hata sisi tuna bahari yetu. Iko Mtera."

Mdomo huu.

Mke wangu alikuwa na sharti moja. "Wewe hata bafuni unateleza. Huendi majini bila kitu cha kuelea." Jaketi la kuokolea maisha hapa mjini sikujua hata nianze kuulizia wapi, nikaenda kwa fundi pancha wa mtaani kwetu kuazima tyubu ya lori. Niliona aibu kumwambia ni ya kiuno changu, nikadanganya kwamba kuna lori la rafiki yangu linakwenda Iringa, anataka tyubu ya akiba. Fundi alishangaa nilipotaka aijaze na upepo kabisa, ila hela ya upepo nayo ni hela. Kompresa ikanguruma, tyubu ikavimba mpaka ikang'aa. "Irudi kama ilivyo," akasema, "ina mwenyewe hiyo."

Alfajiri tuko stendi. Konda aliniangalia na tyubu yangu begani, akasema, "Mzee wangu, gari letu lina spea." Buti lilikuwa limejaa, kwa hiyo nilisafiri nimeipakata kama mtoto, kilomita mia na ushee, valvu ikinichoma tumboni kila tukivuka tuta. Shemeji alihamia siti ya nyuma. Alitazama nje ya dirisha kama mtu asiyenijua.

Mtera si dimbwi, naomba niseme hilo kabla watu wa pwani hawajaanza. Ni mto Ruaha Mkuu wenyewe, uliozibwa miaka ya 1970 ili mtambo wa umeme wa Kidatu kule chini usikose maji wakati wa kiangazi, kisha mwaka 1988 na hapo Mtera pakawashwa mtambo wa megawati 80. Maji yametanda mpaka macho yanachoka. Shemeji akayatazama, akasema, "Mh." Ile "mh" ya mtu anayeonjeshwa mchuzi usio na chumvi.

Mzee mwenye mtumbwi tulimkuta ukingoni anashona wavu. "Mbukwenyi!" akatusalimu, nikaitikia kwa niaba ya wawili. Shemeji akampa shikamoo yake, kisha akakunja mikono kifuani na kuuliza kitaalamu, "Mzee, hapa maji yanajaa saa ngapi?"

Mzee akakata uzi kwa meno.

"Yanajaa Aprili."

Kwao maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mvuvi asiyezijua saa zake atakikuta chombo kimelala mchangani. Bwawa linangoja mvua tu, na wenye mitambo wakifungulia maji, linashuka. Shemeji alinyamaza karibu dakika nzima. Kwangu mimi nauli ilikuwa imerudi hapo hapo.

Mtumbwi ulikuwa wa mbao, mwembamba. Mimi niliingia, tyubu haikuingia. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaivaa kiunoni, ilikaa juu ya kingo za mtumbwi, nami nikakaa juu yake, kama kuku anayeatamia.

"Vua hilo dude," mzee akasema.

"Nina maagizo kutoka nyumbani, mzee."

Akanitazama, akaokota kasia bila neno jingine. Nadhani naye ana mke.

Kinachoshangaza kwenye bwawa lile ni miti. Maji yalipojaa yaliikuta imesimama, ikafia palepale wima, na mpaka leo matawi yametokeza meupe kama mifupa, mnandi wamekaa juu wakianika mabawa. Hiyo ni ile unayoiona. Kuna visiki vingine vimejificha shibri moja tu chini ya maji, na mzee alivipita kama mtu anavyopita katikati ya viti vya sebuleni kwake umeme ukiwa umekatika.

Tukatia chambo, nyungunyungu wanene. Ndani ya saa moja shemeji alikuwa na perege watatu wa ukubwa wa kiganja, na kila mmoja kamsemea: "Huyu Pangani tunamrudisha kwa mama yake." Mimi nilikuwa nimepata majani. Akaamua kunifundisha. "Zungusha, shemeji, zungusha, achia!" Nikazungusha, nikaachia. Ndoano sikuiona ilikoangukia. Niliona tu uzi umeelekea nyuma yangu, nikadhani ni upepo.

Muda mfupi kabla ya hapo mzee alikuwa ametuonya kuhusu viboko. Anaweza kuwa chini yako dakika tano humjui, akasema, mpaka aibuke kupumua. Ukimsikia, usipige kelele.

*Psssssssss.*

Kasia likasimama hewani. "Kiboko," mzee akanong'ona.

Akageuza mtumbwi, akapiga kasia kwa nguvu nisizozitegemea kwa umri wake. Mlio haukubaki nyuma. Tulivyokwenda mbio ndivyo ulivyotufuata, usawa wa kiuno changu, haupungui wala haukatiki. Shemeji alikuwa ameshaanza dua. Nikamfuatishia pale ninapopajua na pale nisipopajua. Katika haraka hiyo mzee akasahau viti vya sebuleni kwake. Kwaa! Mtumbwi ukapanda juu ya kisiki, ukainama. Nilipogeuka, mvuvi wa bahari kuu alikuwa ameshauacha mtumbwi, kakumbatia mti mkavu kwa mikono na miguu, ndala yake moja inaelea kuelekea Kidatu. Mnandi waliokuwa juu walihama.

Mimi sikuanguka. Nilikuwa nashuka. Taratibu, kwa heshima, kama jaki ya gari inavyolegezwa, makalio yangu yalitoka juu ya kingo yakaingia ndani ya mtumbwi, mpaka yakatua kwenye maji na perege watatu.

Mzee akainama, akatega sikio kiunoni kwangu.

"Kiboko gani huyu," akauliza, "anatoa pumzi tu, havuti?"

Kumshusha shemeji kulichukua muda mrefu kuliko uvuvi wenyewe, maana alitaka kwanza kuhakikishiwa kwa kiapo. Mzee alifua maji kwa kopo la rangi, akicheka peke yake, anaacha, anaanza tena. Nyumbani usiku ule dada mtu aliambiwa kwamba tulipigwa na wimbi. Sikubisha, maana na mimi nilikuwa na la kuficha.

Kesho yake niliirudisha tyubu. Nilitaka kuiacha tu niondoke, fundi akasema subiri. Akaitia upepo, akaizamisha kwenye beseni, mapovu yakapanda mstari mmoja. Akapapasa pale, akachukua koleo, akavuta. Ikatoka ndoano nzima, na kipande cha uzi, na nyungunyungu aliyekauka bado ameikumbatia.

Akaiweka kiganjani, akaigeuza mara mbili.

"Kaka," akasema, "hilo lori lilikuwa linavua nini?"