Nani Aliyelisahau Kundi la Kaole?

Zikitajwa tamthilia za kundi la maigizo la Kaole zilizokuwa zikirushwa na kituo cha televisheni cha ITV cha Tanzania, siku hizi utaambiwa watu wamezisahau kwa sababu hazikuwa na ubora. Sauti inakatika, taa hafifu, hadithi nzima inaishia sebuleni. Hoja hiyo si ya kupuuza. Mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa jijini, amekulia kwenye king'amuzi na simu. Gharama nazo zipo: kuhamishia kanda kwenye dijitali kunataka mashine ambazo hazitengenezwi tena, na fundi anayezijua.

Lakini mtazame mwigizaji Steven Kanumba. Alifariki Aprili 2012, na mpaka leo filamu zake zinaangaliwa na watoto ambao hawakumkuta hai. Kanumba huyo huyo aliingia Kaole mwaka 2002, akacheza tamthilia za Jahazi na Dira. Waigizaji wenzake Ray na Johari nao walipitia Kaole. Mbona filamu zimebaki na tamthilia zimepotea? Mwigizaji ni yule yule, na watazamaji ni wale wale. Filamu ziliuzwa kwa kanda na baadaye kwa diski, zikaingia majumbani. Hata msambazaji akifunga duka, nakala ipo kwenye kabati la mtu Manzese au Tandika. Tamthilia haikuuzwa. Ilirushwa, mtaa ukajazana kwa jirani mwenye televisheni, wengine dirishani, ikaisha. Kanda ya kituo ikiharibika, kilichobaki ni kipande kifupi alichorekodi mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo nasita kabisa kusema watu wamesahau. Mtu hawezi kurudia kutazama kitu ambacho hakuna anakoweza kukipata.

Na muda umetutupa mkono. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku zitakazokuwa hazijahamishiwa dijitali ifikapo 2025 huenda zikapotea moja kwa moja. Hao ni watu wenye vyumba maalumu vya baridi. Sisi kanda zetu zimekaa kwenye joto na unyevu wa pwani kwa zaidi ya miaka 20.

Wanaosema vituo havina faida ya kutunza kanda wakumbuke kilichoikuta BBC. Ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena, na zaidi ya vipindi 90 vya tamthilia yake ya Doctor Who havijapatikana hadi leo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vimepatikana. Vilikuwa vimekaa kwenye stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria, na baada ya kusafishwa vikaingizwa sokoni mara moja, miaka 45 tangu viliporushwa.